Vibanio Vitatu vya Bi Riziki

Mjukuu wangu Dama amenipigia simu kuniuliza swali, na nyuma yake nilikuwa nasikia vicheko vya wenzake. Wana kampuni yao changa, vijana watano, na wanatafuta programu ya kompyuta ya kuwapangia watengeneze kipi kwanza na kipi kingoje. Wamejaribu tatu, wamegombana kwa zote tatu. "Babu, si hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako kiwandani? Nyinyi mlichaguaje?"

Nilichagua vibaya. Hilo ndilo jibu fupi, na ningeishia hapo nikajilaze, maana magoti yananiuma na macho yangu siku hizi hayapendi kuandika. Lakini katika maneno yake Dama alipitisha jambo moja haraka haraka. Alisema programu ikishaingia, Bwana Safari, mtu mzima anayewapangia kazi kwa daftari tangu walipoanza, "hatahitajika tena." Alilisema kama mtu anayesema kiti kile kitolewe, kinazuia njia. Basi nimechukua kalamu. Mkiisoma hii, someni wote, si Dama peke yake.

Kiwanda chetu kilikuwa Changamwe, na sitakitaja jina kwa sababu waliobaki wana watoto wao. Tulitengeneza vitu vya plastiki: ndoo, beseni, majagi, madumu, mpaka vile vibirika vya kutawadhia. Mashine zilikuwa tano. Oda zilikuwa nyingi kuliko mashine, siku zote, na kazi ya ofisi ya mipango ilikuwa kuamua nani ahudumiwe na nani asubiri. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye feni iliyozunguka ikitaka, na watu wawili: Bi Riziki wa Likoni, na mimi, Katana, wa Mikindani. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Mimi nilikuja nikiwa na cheti changu cha chuo na mashati mawili meupe, nikidhani nimekuja kumsaidia mama mmoja anayetundika kadi ukutani.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Ukutani palikuwa na ubao wa plaiwudi, umepigiliwa misumari mistari mitano, kila mstari mashine yake. Kila oda ilikuwa kadi, imeandikwa mteja, kitu, rangi na idadi. Kadi ya kushoto kabisa ndiyo iliyokuwa mashinani sasa hivi, inayofuata ndiyo ya baadaye, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Ukiingia mlangoni ulikuwa unakiona kiwanda kizima kwa jicho moja.

Wiki yangu ya kwanza aliniachia mstari mmoja niupange. Nikaupanga kwa tarehe, aliyetangulia kuleta oda atangulie, haki bin haki. Beseni nyeusi zikaenda kwanza, majagi meupe yakafuata. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba plastiki nyeusi haitoki kwenye mashine kwa kuombwa. Majagi yale yalitoka na rangi ya jivu la mkaa, mengine yana michirizi kama yamelia. Bi Riziki hakunigombeza. Alichukua moja akaliweka juu ya meza yangu, akalijaza maji.

"Hilo lako," akaniambia. "Utanywea humo mpaka ujue."

Nilinywa maji ndani ya jagi la jivu mwaka mzima. Ndipo nilipojua kwamba kazi hupangwa kuanzia nyeupe, ukaenda njano, ukaenda nyekundu, buluu, na nyeusi ikaja mwisho, halafu mashine ikasafishwa mara moja ukaanza upya. Nikajua pia kwamba kubadilisha kalibu ya ndoo, lile umbo la chuma linaloipa plastiki sura yake, kuweka kalibu ya beseni kunakula nusu shifti, kwa hiyo ndoo zote zikae pamoja kadiri wateja watakavyovumilia. Mambo haya hayakuandikwa popote. Yalikuwa kichwani mwa Bi Riziki na vidoleni mwake, na aliyatoa kidogo kidogo, kama anayekuonjesha mchuzi.

Lakini jambo kubwa lilikuwa vibanio. Pembeni mwa ubao palining'inia vibanio vitatu vya nguo, vya plastiki, vyekundu. Kadi iliyobanwa na kibanio chekundu ilikuwa ya haraka, ikiruka foleni. Vitatu tu. Watu wa mauzo walilia kila siku aongeze, na yeye akawajibu kwamba hivyo ndivyo alivyonunua.

Na kanuni yake ilikuwa moja. Ukitaka kibanio na vyote vitatu vimeshikwa, usimwendee Bi Riziki. Mwendee mwenzako aliyeshika, kwa miguu yako, umwombe kwa mdomo wako. Akikubali oda yake ingoje, mtakuja nyinyi wawili mbele ya ubao, yeye akibandue, akukabidhi. Karatasi haikukubaliwa, wala simu, wala kutuma mtu.

Nyinyi vijana mtaona ni mchezo wa kupoteza wakati. Mimi pia niliona hivyo. Nilimtazama Omari wa mauzo, mtu wa Kisauni mwenye maneno mengi kuliko redio, akivuka uwanja juani kwenda kumtafuta mwenzake ghalani. Hawezi kufika akasema nipe kibanio. Ataanza na salamu, atauliza watoto, atauliza kikohozi cha mama yake kimeendaje, ndipo aseme shida yake. Na yule mwenzake, akishaulizwa hali ya mama yake, atamkataliaje? Lakini Omari mwenyewe hawezi kurudi kesho na keshokutwa na ombi lilelile. Ataona haya. Mara nyingi nilimwona amesimama mlangoni, anautazama ubao, anapima moyoni kama shida yake inafaa kumkabili mtu nayo, kisha anageuka zake. Oda yake ilikuwa si ya haraka, na alijua hivyo kabla sisi hatujajua.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa saba pale ndipo kompyuta ikaja, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Meneja wetu alikuwa amekwenda Nairobi kwenye mkutano akarudi na macho yanayong'aa. Akaniita peke yangu ofisini kwake. Akaniambia watakuja watu wawili wenye programu mbili za kupanga uzalishaji, na mimi, kwa kuwa nimesoma, ndiye nitakayechagua na kuandika ripoti. Kisha akasema, kama anayeongeza sukari kwenye chai, kwamba programu ikiweza kupanga yenyewe, chumba kile kitatosha mtu mmoja.

Hakusema nani. Nilikuwa na watoto watatu Mikindani, wa nne tumboni. Bi Riziki alikuwa amebakiza miaka miwili kufikia malipo yake kamili ya uzeeni, na alikuwa akijenga chumba kwa chumba huko mtaa wa Shika Adabu, nyumba ya kukaa na watoto wa marehemu dada yake. Nilijua yote hayo. Nataka mjue kwamba nilijua.

Programu ya kwanza ililetwa na kijana mwenye tai na viatu vya kung'aa. Ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Oda zilitokea kama mistari ya rangi, unabonyeza zinajipanga. Kila oda ulikuwa unaipa nambari ya uharaka, moja mpaka tisa, moja ikiwa ya haraka kabisa. Ungeweza kutia moja nyingi upendavyo. Watu wa mauzo waliojazana chumbani walipiga makofi, Omari akapiga na mluzi.

Ya pili ililetwa na mama mmoja mpole, na ilikuwa mbaya kutazama. Maandishi ya kijani juu ya weusi, basi. Alipotia oda ya haraka, kompyuta ilitoa mlio, ikaandika swali: oda gani ingoje? Na isingeendelea mpaka ujibu. Omari akauliza, je nikiacha wazi? Yule mama akasema haikubali. Je nikisema hakuna? Haikubali.

"Haina adabu hii!" Omari akasema, na chumba kizima kikacheka.

Nami nilicheka. Bi Riziki alikuwa ameketi nyuma karibu na dirisha, mkoba mapajani. Hakucheka. Aliitazama ile skrini kwa muda, akasema, "Hii yauliza kama mimi."

Basi nilikuwa nimeshajua ipi ni nzuri. Mtu pekee aliyeifahamu kazi ile alikuwa ameniambia, mbele za watu. Lakini fikirini mlivyo sasa, mnatazama programu yenye rangi na kila mtu anaipenda, na nyingine inayowauliza msichotaka kuulizwa. Na fikirini mtu amewaambia chumba kitatosha mmoja. Ile ya pili ilihitaji mtu anayeijua kazi, wa kujibu swali kila mara. Ile ya kwanza ilidai haihitaji mtu. Nikachagua ya kwanza.

Niliandika ripoti kurasa nne. Katika ukurasa wa mwisho kulikuwa na sentensi moja niliyoihariri kuliko zote: kwamba kwa programu hii, kazi ya kusimamia ubao haitakuwapo. Sikuandika jina la mtu. Nilijisifu moyoni kwa hilo, kwamba sikuandika jina.

Ripoti zote za ofisi yetu zilipitia kwa Bi Riziki kabla ya kwenda kwa meneja. Ulikuwa utaratibu, na sikupata ujasiri wa kuuruka. Alivaa miwani, akasoma kurasa zote nne taratibu, kidole kikifuata mistari. Kwenye ukurasa wa mwisho kidole kilisimama. Kisha kikaendelea. Akafungua kalamu.

"Hapa umeandika mashine nne," akasema. "Ziko tano."

Akasahihisha, akatia sahihi yake ya kupitisha, akanirudishia. Basi. Mwisho wa mwezi ule aliondoka. Alipewa kanga doti moja na hotuba ya dakika tano. Alipokwenda kuchukua mkoba wake niliona anavibandua vile vibanio vitatu, anavitia ndani. Hakuna aliyemzuia, vilikuwa vyake.

Sasa nyinyi mnaotaka kujua programu iliendaje. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili, Omari alikuja mezani kwangu. Shikamoo kwa utani, habari za nyumbani, mtoto amezaliwa? Mashallah. Sasa Katana ndugu yangu, nitilie hii moja. Nikatia. Haikuniumiza kitu, ilikuwa kubonyeza tu, na aliyesukumwa nyuma hakuwapo chumbani. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Mimi ni mtu wa pwani, mtu akinisalimu vizuri namwambiaje la? Mwezi haukuisha, oda zote zilikuwa nambari moja. Nikabuni sifuri, ya haraka kuliko haraka. Kwa wiki mbili zote zikawa sifuri, nikaifuta, zikarudi kuwa moja.

Na programu ile, ikikuta zote zimelingana, ilizipanga kwa alfabeti ya jina la mteja. Hilo kijana wa tai hakutuambia. Omari ndiye aliyeligundua, na akaanza kuwabatiza wateja wake upya, kila duka likaanza na A mbili. Nimecheka sana kwa hilo siku za baadaye. Wakati ule sikucheka. Ndoo ilikuwa inafuata beseni, beseni inafuata ndoo, nyeupe inafuata nyeusi, mafundi wanabadilisha kalibu tangu asubuhi mpaka jioni, na vitu vinatoka na rangi ya jivu. Jagi langu lilikuwa bado mezani. Nilikuwa nalitazama.

Siku moja akaja Sista Kadzo. Alikuwa nesi wa zahanati moja ndogo upande wa Junda, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Kulikuwa na ugonjwa wa kuhara mitaani kwao na alikuwa ameagiza ndoo nyeupe mia mbili, zenye mfuniko na bomba, watu wahifadhie maji ya kunywa. Oda ndogo, kwa kiwanda ni kazi ya saa chache. Ilikuwa mara yake ya tatu kuja.

"Ndoo zetu ziko nambari ngapi, kaka?"

"Nambari moja, Sista."

"Na zilizo mbele yake?"

"Nambari moja."

"Ziko ngapi hizo nambari moja?"

Nikaangalia skrini. "Arubaini na tatu."

Hakugombana. Alikaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha, akafuta uso kwa leso. "Niambie ukweli tu," akasema. "Kama hazipatikani, nikawaambie watu wachemshe maji kwenye sufuria na wanywe humo humo. Nimechoka kuwaambia kesho."

Bi Riziki angemaliza jambo lile kabla chai haijapoa. Angemwita Omari, ambaye oda zake ndizo zilizotangulia, amsimamishe mbele ya Sista Kadzo, awaambie haya, ombaneni. Mimi nilikuwa na kompyuta na sikuwa na la kumwambia yule mama.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nikavuka feri kwenda Likoni, nikauliza uliza mpaka Shika Adabu, mpaka kwenye nyumba ya vyumba viwili vilivyoezekwa na cha tatu kuta tupu, nyasi zimeota ndani. Bi Riziki alikuwa uani anaanika nguo.

"Shikamoo, Bi Riziki."

"Marahaba, Katana. Mwajionaje na hali? Mama watoto ajambo?"

"Hajambo."

"Karibu, keti. Wataka maji?"

Aliniuliza mtoto wa nne jina lake nani. Aliniuliza Omari kama ameacha sigara. Aliniuliza mashine ya tatu kama bado yavuja mafuta. Nikamjibu yote. Nikamaliza maji, ndipo nikamweleza: nambari moja zote, alfabeti, Sista Kadzo na ndoo zake. Nikasema nimekuja kumwomba vile vibanio, niurudishe ubao ukutani.

Kisha akainuka akaenda kwenye kamba. Vibanio vilikuwa hapo, vitatu vyekundu kati ya vingine vya mti, vimebana kanga mbili. Akabandua kimoja kimoja. Kanga moja ikateleza ikaanguka mchangani, naye akaiacha pale, akaja akaviweka kiganjani mwangu.

"Umevuka maji kuja kuniomba vibanio," akasema. "Umekuja vizuri, umeketi, umesema shida yako. Nami nimekupa, sivyo?"

"Umenipa, Bi Riziki. Ahsante."

"Na ile siku ya ripoti, Katana, uliponiweka mimi ningoje. Mbona hukuja kuniomba?"

Nilivitazama vile vibanio kiganjani mwangu.

"Wallahi ningekupa," akasema. "Una watoto wadogo. Ungenijia ukaniambia, Bi Riziki, mmoja wetu atoke na mimi naogopa. Ningekupa na roho yangu ikatulia. Lakini wanipitishia kwenye karatasi, nikusahihishie na makosa?"

Nililia, mtu mzima, mbele ya nguo mbichi. Angalau hilo nililifanya. Lakini kuna jambo jingine ambalo sikulifanya, na ndilo ninalolibeba mpaka leo: sikumwambia twende kwa meneja Jumatatu nikaseme wewe ndiye unayestahili chumba kile. Maneno yalifika mdomoni. Nikawaza ada za shule, nikayameza. Alinitazama nikiyameza, nadhani aliyaona, kisha akaenda kuiokota kanga yake akaisuuza upya.

Jumatatu nilipigilia ubao ukutani kando ya kompyuta. Nilimwita Omari na Sista Kadzo, wakaombana, na ndoo nyeupe zikaingia mashinani siku hiyo hiyo. Nilikaa na vibanio vile mpaka nilipostaafu. Programu tuliibadilisha mara mbili, na nilichojifunza cha kuchagua programu ni kidogo, mkitake msikitake: chagueni ile inayowauliza kipi kingoje, hata ikiwaudhi. Hasa ikiwaudhi. Na nambari moja ziwe chache za kuhesabika kwa vidole, na anayeitaka aende kwa mwenye nayo. Ya rangi za mistari siyajui, macho yangu hayaoni vizuri.

Bi Riziki nilimtembelea kila Idi mpaka alipofariki. Tulicheka, tulikula, alinipakia mahamri ya watoto. Kile chumba cha tatu hakikuezekwa.

Vibanio ninavyo hapa mezani. Viwili bado vina nguvu, kimoja chemchemi yake imelegea. Dama, nitakupa vyote vitatu ukija. Lakini kabla ya kuja kwangu, na kabla hamjanunua programu yoyote, nenda leo kwa Bwana Safari. Usimtumie ujumbe. Nenda kwa miguu yako, umsalimu, uulize wa nyumbani kwake, uketi. Kisha mwombe.